Nyigu Bila Tairi la Akiba

"Nyigu, kuku ametoka bandani. Umemwona?"

"Nimemwona."

"Usimwache."

Hakuwa na nia ya kumwacha. Audi ya rangi ya fedha ilikuwa magari machache mbele yake, inakula lami kwenye njia ya kati, na Nyigu alikuwa amemganda dereva wake tangu asubuhi kama kupe. Subaru aliyoendesha ilikuwa ya kijivu, yenye vumbi, gari ambalo ukiliona leo kesho huwezi kulieleza. Ndivyo Idara ilivyopenda magari yake. Ila chini ya boneti mafundi walikuwa wamelichezea mpaka injini ikapata hasira za mbwa wa getini.

Sikioni alikuwa na kidude kisichozidi punje ya mahindi. Kiunoni, Glock 19. Kwenye kiti cha nyuma, chembe za biskuti za watoto wake pacha.

Ndani ya Audi alikuwa mtu ambaye Idara ilimwita Mhandisi. Zamani alitengeneza mitambo ya kuongozea ndege. Akafukuzwa kazi, akaenda ughaibuni na kinyongo chake, akarudi na marafiki wapya na mipango mipya. Mchana huu, kwenye maegesho ya supamaketi, alikuwa amekabidhiwa sanduku jeusi lenye ukubwa wa jiko la mkaa. Sanduku hilo likiwashwa kwenye kilima kilicho jirani na uwanja wa ndege, rubani anayetua huambiwa na vyombo vyake kwamba ardhi iko chini zaidi kuliko ilivyo.

Jioni hiyo ilikuwa inatua ndege ya wajumbe wa mazungumzo ya amani. Kuna watu walioshiba kwa sababu ya vita, na watu hao hawakutaka itue salama.

Hawakumkamata kabla hajalipokea sanduku. Walishamkamata zamani mikono mitupu, na mwanasheria wake akamtoa kabla chai yake haijapoa. Safari hii walimtaka yeye pamoja na sanduku.

Nyigu akakanyaga mafuta. Akalipita basi, akalipita lori la saruji.

Mhandisi akamwona.

Nyigu alijua kwamba ameonwa kwa jinsi kichwa cha yule mtu kilivyoinuka kwenye kioo. Audi ikayumba kidogo kushoto, na kutoka chini ya bampa yake kitu kikamwagika barabarani. Vitu vidogo, vinang'aa, vinadunda kama punje za mahindi kwenye kikaango.

Misumari ya pembe nne.

Akakata usukani. Alikwepa karibu yote.

Karibu.

Tairi la mbele kushoto likapasuka kwa mlio mmoja mzito. Subaru ikavuta upande kama punda aliyegoma. Nyigu hakugusa breki. Aliushika usukani kwa mikono miwili, akaliacha gari lichoke lenyewe, akaliingiza taratibu kwenye bega la barabara, huku rimu ikilia kwenye lami. Likasimama.

Audi ikapotea nyuma ya malori.

"Kituo, nimepata pancha."

"Badilisha haraka. Bado una nafasi."

Alikwishafika nyuma ya gari. Akafungua buti, akainua kapeti, akanyoosha mkono.

Mkono ukakuta shimo.

Alilitazama shimo lile, la duara, safi, na jeki imelala pembeni yake kama inamcheka. Jumamosi. Baiskeli za pacha zilikataa kuenea kwenye buti. Alikuwa amelitoa tairi mwenyewe, kwa mikono yake, akaliegemeza kwenye ukuta wa baraza, akajisemea kwamba akirudi atalirudisha. Tangu Jumamosi alikuwa akilipita kila asubuhi akienda kazini. Mumewe hata alishaweka chungu cha maua juu yake.

"Nyigu? Umefikia wapi?"

"Sina spea."

"Rudia."

"Sina spea. Nililitoa."

"Ulilitoa."

Nyuma ya sauti ile mtu mmoja alicheka, na mwingine akamnyamazisha. Nyigu alisikia vyote. Fundi mkuu wa gereji ya Idara aliwahi kuwakalisha chini majasusi wote, wakubwa kwa wadogo, akawaambia: bastola ficheni mnapotaka, lakini spea hailali nje ya gari. Siku ile Nyigu ndiye aliyeitikia kwa kichwa kuliko wote.

Sauti ikabadilika. Ilikuwa ya Mkuu wa Idara mwenyewe.

"Kikosi cha pili kiko bandarini, kimefuata chambo. Hakiwezi kufika. Lakini askari wako kwenye geti la ushuru wa barabara, wanapekua kila gari. Audi haiwezi kupita pale. Kazi yako imekwisha."

"Mkuu, naweza kuomba—"

"Wapigie simu watu wa brekdauni kama raia mwingine yeyote. Sitatuma gari letu likuumbue hapo barabarani."

"Ndiyo, Mkuu."

"Na Nyigu."

"Mkuu."

"Tutazungumza."

Namba ilikuwa kwenye stika ya bima kwenye kioo. Akapiga. Akapokea dada mwenye sauti ya mtu aliyekwishazoea kusikia watu wakihaha.

"Uko wapi, mama?"

"Barabara kuu, naelekea uwanja wa ndege. Nimepita daraja la waenda kwa miguu."

"Umeshatoka ndani ya gari?"

"Niko nje."

"Upande wa magari au upande wa majani?"

Nyigu akajitazama. Alikuwa amesimama upande wa magari, mgongo wake karibu kupigwa na vioo vya malori.

"Upande wa magari," alisema.

"Ondoka hapo, mama. Washa taa zote za hatari, vaa reflekta, peleka pembetatu nyuma mbali na gari, halafu vuka vile vyuma vya kando ya barabara ukae kwa nje. Usirudi kukaa garini hata jua likuunguze. Watu wanagongwa kila siku wakisubiri sisi."

Akafanya kama alivyoagizwa. Yeye aliyefundishwa kuruka kutoka kwenye gari linalotembea alivaa kizibao cha njano, akatembea na kile kipembetatu chekundu mkononi, akakisimamisha, upepo wa lori ukakiangusha, akakisimamisha tena. Akavuka vyuma. Akakaa kwenye majani yaliyoungua jua, miguu kwenye mtaro, na mbele yake nchi nzima ikipita kwa kasi. Kijana mmoja kwenye pikapu akapunguza mwendo, akachungulia dirishani.

"Mama, umeishiwa pumzi?"

Akaondoka na kicheko chake. Nyigu akavaa miwani ya jua, si kwa sababu ya jua.

Gari la brekdauni lilipotokea, Isuzu ya bluu yenye kitanda kirefu na taa za manjano zinazozunguka, alisimama, akajipangusa majani. Kisha akasoma jina lililochorwa kwa mkono juu ya kioo cha mbele: Winchi. Akatamani mtaro ule ungekuwa na kina zaidi.

Kuna madereva wengi wa brekdauni duniani. Huyu alikuwa shemeji yake.

Ndugu na marafiki walimwita Winchi. Alikuwa mdogo wa mumewe, kitinda mimba, mtu wa mabega mapana na maneno machache. Kwa familia, Nyigu alikuwa Mama Pacha, mkaguzi wa bima, mtu wa safari za ghafla na mikutano isiyoisha. Zamani Winchi alikuwa akimtania kila wakikutana. Tangu wamzike baba yao, yule mzee, baba mkwe wa Nyigu, utani ulikuwa umekatika. Alikuja nyumbani, akacheza na pacha, akamsalimia shemeji yake kwa adabu zote, akaondoka. Nyigu alidhani ni msiba.

"Shemeji," Winchi alisema, akishuka. Hakushangaa sana. "Kumbe ni wewe."

"Ni mimi. Pole kwa usumbufu."

"Ndiyo kazi." Akalizunguka gari, akachuchumaa, akalitazama tairi lililochanika. "Spea iko wapi?"

"Nyumbani."

Akainua macho, akayarudisha chini.

"Basi tulipandishe. Nitakushusha gereji iliyo mbele ya geti la ushuru."

Alifanya kazi bila kusema neno. Akateremsha kitanda, akavuta waya wa winchi ya nyuma, akaufunga, Subaru ikapanda juu taratibu na tairi lake lililolegea kama mgonjwa anayepandishwa kitandani. Akalifunga kwa minyororo. Nyigu akaokota pembetatu. Wakaingia ndani, wakaondoka.

Walikuwa hawajaenda mbali redio ya Winchi ilipokoroma. Ilikuwa sauti ya dada yule yule wa simu.

"Winchi, umempata yule mama wa pancha?"

"Nimempata. Ni shemeji yangu."

"Shemeji yako? Yule wa siku ile?" Dada akacheka kwa furaha ya kweli. "Afadhali leo umempata. Mpe salamu zangu. Mwambie alitusumbua siku ile, redio nzima tulikuwa tunamtafuta."

Winchi akanyoosha mkono, akapunguza sauti ya redio mpaka ikafa.

Nyigu akamgeukia.

"Siku ile gani?" aliuliza.

"Achana nayo, shemeji."

"Siku ile gani?"

Winchi alizungumza akitazama barabara.

"Siku ya mzee. Ulimtumia kaka ujumbe kwamba umepata pancha, umekwama barabara kuu, tuzike tusikungoje. Kaka akanionyesha. Nikasema, mke wa kaka yangu hawezi kukosa kumzika mzee kwa sababu ya tairi, na mimi hii ndiyo kazi yangu. Nikaacha watu makaburini nikachukua gari. Nilikwenda mpaka mwisho wa barabara nikarudi. Nikaenda tena. Wenzangu wote wakatafuta, kila mmoja upande wake. Simu yako ilikuwa imezimwa."

Nyigu akavua miwani.

"Niliporudi walikuwa wanasawazisha udongo."

Alipakumbuka vizuri mahali alipokuwa saa hiyo. Chumba cha hoteli, mapazia yamefungwa, vipokea sauti masikioni, akisikiliza kupitia ukuta mshukiwa mmoja akikoroma. Kutwa nzima mtu yule alikoroma. Hakuna siri iliyosemwa. Hakuna mtu aliyeokolewa. Ujumbe wa pancha aliuandika kwa kidole gumba huku mkono mwingine ukifungua pakiti ya karanga.

"Kwa nini hukuniambia?" sauti yake ilitoka ndogo.

"Nikuambie nini? Rafiki yangu yuko kwenye chumba cha kamera za barabara. Nilimwomba aangalie. Siku ile gari lako halikupita huku kabisa. Nilijua una mtu. Nikasema nikimwambia kaka, nyumba inavunjika, na pacha bado wadogo. Basi nikanyamaza. Sasa unajua."

Uso wa Nyigu uliwaka mpaka kwenye masikio. Mtu huyu alikosa kuona baba yake akiteremshwa kaburini kwa sababu alimwamini. Kisha akaubeba uongo wake kimya kimya, akaja nyumbani kwake, akala naye meza moja, akamwita shemeji.

Na hapo, kama kwa makusudi, kidude cha sikioni kikafunguka.

"Nyigu, kuna tatizo. Audi haijafika getini. Ilipaswa kuwa imefika zamani. Je, uliiona ikitoka barabarani?"

Nyigu akaziba sikio kwa kiganja.

"Nyigu, jibu."

"Nasikia," alinong'ona, akigeukia dirishani. "Sikuiona."

Winchi alimtazama mara moja.

"Ndiye huyo?" aliuliza. "Hata hapa, ndani ya gari langu?"

Kabla hajajibu, mbele yao brekdauni nyingine ilichomoka kutoka eneo la kupumzikia malori. Kubwa, nyeupe, mpya, taa za manjano zinazunguka. Juu ya kitanda chake kulikuwa na gari lililofunikwa turubai mpaka kwenye madirisha. Upepo ukainua ncha ya turubai.

Ubavu wa rangi ya fedha.

Nyigu akaketi wima. Kwenye geti la ushuru kila gari lilikuwa linapekuliwa. Lakini pembeni ya geti kulikuwa na njia pana, ya magari ya wagonjwa, mizigo mikubwa na brekdauni. Nani anapekua gari bovu?

"Kituo, Audi iko juu ya brekdauni nyeupe. Inaelekea njia pana. Waambieni askari wasiifungulie."

"Tunawapigia." Simu ikaita mpaka ikakatika. "Msimamizi wa njia pana hapokei simu."

"Hapokei," sauti ya Mkuu ikaingia, "au amelipwa asipokee. Tunatafuta mwingine. Nyigu, uko kwenye nini?"

Akautazama usukani mkubwa, mikono ya Winchi yenye grisi, vumbi kwenye dashibodi. Nyuma yao, juu ya kitanda, Subaru yake inayumba kama mzigo wa mtumba.

"Nitakujulisha," alisema. Kisha akamgeukia shemeji yake.

Alikuwa amekula kiapo. Hata mume wake hakujua.

"Winchi, mimi si mkaguzi wa bima."

"Hilo nimeshaliona."

"Sina mtu. Nafanya kazi ya usalama wa nchi. Huyu anayeniongelesha sikioni ni mkubwa wangu. Kwenye ile gari nyeupe kuna mtu anayetaka kuangusha ndege jioni hii, na nikishindwa kumzuia kabla ya kilima, watu watakufa."

Winchi hakupunguza mwendo wala hakuongeza. Ilikuwa wazi kwamba anapima neno moja moja.

"Siku tuliyomzika mzee," alisema, "ulikuwa kwenye kazi hiyo?"

"Ndiyo."

"Walikukatalia ruhusa?"

Jibu jepesi lilikuwa pale pale, limeiva, linangoja kuchumwa. Ndiyo, walinikatalia. Neno moja lingemsafisha. Winchi angeliamini, alionekana kutamani kuliamini.

"Hapana," Nyigu alisema. "Mkuu alinipa ruhusa. Aliniambia nenda. Nilikaa mwenyewe. Niliogopa kesi itapewa mtu mwingine, sifa zichukuliwe na mwingine. Na siku ile hakukutokea lolote."

Injini ya Isuzu ikanguruma. Mabega ya Winchi yalikuwa yameshuka, kama mtu aliyewekewa gunia.

Kisha akabadilisha gia.

"Unataka nilifikie," aliuliza, "au nilizuie?"

"Lifikie. Kuzuia nitazuia mimi."

Winchi akawasha king'ora, akaingia kwenye bega la barabara. Foleni ya geti ilikuwa imeanza kujazana, magari yamebanana, watu wametoa viwiko madirishani. Isuzu ikapita pembeni yao ikipeperusha vumbi. Brekdauni nyeupe ilikuwa imeshaingia kwenye njia pana, lakini haikuweza kupita: mbele yake trela lililobeba transfoma lilikuwa linapimwa upana, na karani wa geti alikuwa akilizunguka na futi yake kwa mwendo wa mtu anayelipwa kwa mwezi.

Winchi akasimama nyuma tu ya gari jeupe, bampa kwa bampa.

"Winchi ya mbele inafanya kazi?" Nyigu aliuliza.

"Inatoa malori mtaroni."

"Nipe waya. Nitakapopiga bodi mara moja, kaza."

Akashuka. Akarekebisha kizibao chake cha njano. Hakukimbia. Aliitwaa ndoano ya winchi kutoka kwenye bampa, nzito kama nyundo, akatembea nayo mchana kweupe mbele ya mamia ya madereva. Hakuna aliyemtazama. Mtu wa reflekta aliyeshika ndoano kati ya brekdauni mbili; kuna cha kutazama?

Akainama, akapitisha ndoano kwenye chasisi ya gari jeupe.

Kichwa kikachomoza dirishani. Dereva, shingo nene, miwani ya Ray-Ban.

"Wewe. Unafanya nini huko?"

"Mnyororo wako umelegea, kaka. Ukipiga tuta gari la watu litakudondoka."

"Fanya haraka, tunataka kupita."

"Namalizia."

Akapiga bodi kwa kiganja. Nyuma yake winchi ikakaza, waya ukanyooka. Winchi naye alikuwa ameshuka, anasukuma magogo chini ya magurudumu ya Isuzu.

Trela likaondoka. Mkono wa geti ukainuka bila swali lolote.

Dereva akakanyaga mafuta.

Gari jeupe likaruka hatua moja, likakamatwa. Magurudumu yakazunguka, moshi wa mpira ukajaa hewani. Turubai likafumuka. Mhandisi akatoka mlango wa Audi, sanduku jeusi chini ya kwapa, bastola mkononi, uso wa mtu aliyeamshwa vibaya.

Akafyatua. Risasi ikapita juu ya bega la Nyigu, ikavunja taa ya Isuzu. Kwenye foleni watu wakapiga kelele, milango ikafunguka.

Nyigu alikuwa tayari ameshuka goti moja, Glock mbele yake.

"Weka chini."

Dereva akafanya lile ambalo hakuna aliyelitegemea. Akarudi nyuma kwa nguvu, waya ukalegea, kisha akachomoka mbele na uzito wote wa gari.

Waya ukakatika.

Ulilia hewani kama kiboko. Gari jeupe, lililoachiliwa ghafla, likaruka likagonga nguzo ya geti, likazima. Mhandisi akatupwa kutoka kitandani, akaanguka kifudifudi kwenye lami. Sanduku likateleza mpaka miguuni mwa Nyigu. Bastola iliangukia karibu na vidole vya Mhandisi, na vidole vilikuwa vinaitafuta.

Nyigu akakanyaga kile kiganja.

"Basi," alisema kwa upole. "Imetosha."

Akafungua sanduku, akachomoa betri, akaitia mfukoni. Askari wa njia za kawaida walikuwa wameshafika mbio. Wawili walimkalia dereva, mmoja alimshika msimamizi wa njia pana, ambaye ghafla alikuwa na simu mkononi akijifanya anapokea.

"Kituo, kuku yuko kapuni. Sanduku limekufa."

"Safi," alisema Mkuu. Sauti ilikuwa na joto ambalo Nyigu alikuwa halijui. "Safi sana, mwanangu. Yale mengine tumeyasahau. Sasa ondoka hapo kabla hawajaanza kuandika majina. Gari linakungoja chini ya daraja la mbele."

Juu yao ndege ilikuwa inashuka, magurudumu nje, kubwa na ya polepole. Ikapita nyuma ya kilima. Hakukuwa na mlio wowote isipokuwa wa kawaida.

Nyigu akairudisha Glock kiunoni, akageuka aondoke. Ndivyo alivyozoea. Mgongo umenyooka, mwendo wa mtu anayekwenda dukani, usiangalie nyuma.

Akaangalia nyuma.

Winchi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya Isuzu. Waya ulikuwa umempiga mkono wa kulia, na mkono ule ulikuwa umekunjika mahali ambapo mkono haukunjiki. Hakulia. Aliushika kwa mkono mwingine, uso umepauka kama majivu, anatazama ndege ilipopotelea.

Gari la wagonjwa lililokuwa kwenye foleni likasogezwa. Muuguzi mmoja, mwanamke mnene mwenye haraka, akampandisha kwenye machela, kisha akauliza kwa sauti akiwatazama watu wote waliokusanyika:

"Huyu ana ndugu hapa? Nahitaji mtu wa kwenda naye, wa kuandikisha."

"Nyigu," kidude kikasema, "sikuoni ukitembea. Ondoka. Ukiandikwa jina hospitali, umekwisha kwenye kazi hii. Unanisikia?"

Alisikia. Alisimama pale katikati ya lami. Miguu yake ilitaka kwenda darajani. Hilo ndilo lililomwaibisha kuliko yote: baada ya kila kitu alichosikia ndani ya gari lile, miguu bado ilitaka kwenda.

Akatia kidole sikioni, akakichomoa kile kidude, akakidondosha kwenye mtaro wa maji ya mvua.

"Mimi," alisema. "Ni shemeji yangu."

Akatembea mpaka kwenye gari la wagonjwa bila haraka, akapanda, akaketi kwenye benchi dogo. Mlango ukafungwa. Winchi aligeuza kichwa, akamtazama.

"Usidhani yamekwisha," alisema.

"Sidhani."

"Kaka utamwambia mwenyewe. Yote. Mimi sibebi tena."

"Nitamwambia."

Winchi akafumba macho. Gari likaanza kwenda, king'ora kikalia, muuguzi akachana mkono wa shati kwa mkasi. Nyigu akatoa simu. Jina la mumewe likatokea juu ya picha ya pacha.

"Baba Pacha," alisema ilipopokelewa. "Niko na mdogo wako, tunakwenda hospitali. Ameumia mkono, lakini yuko hai. Njoo." Akavuta pumzi. "Na ukifika, tafadhali kaa kwanza. Kuna jambo la siku ya mzee sikukuambia."

"Siku ile ulikuwa wapi?" mumewe aliuliza kwa sauti ya chini, na Nyigu akainamisha kichwa, akaanza kumjibu.